Gari Lisilobeba Jeneza

Siku Caren alipozidiwa na homa, gari halikupatikana. Kaka yake, Obonyo, alibisha hodi kwa kila mwenye gari, kutoka kijijini kwao kando ya ziwa hadi Kisian, na wote walimjibu kana kwamba walikuwa wamekaa kikao: njia ni matope matupu, gari litaharibika. Basi Caren akapandishwa bodaboda, akabanwa katikati ya dereva na Obonyo asije akaanguka, akakata roho kabla hawajafika kwenye lami. Lakini siku ya kumtoa mochari, jipu likapatikana. Jipu hasa, lililoinuka juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na likayapita matope yale yale bila shida. Waombolezaji wakamsifu dereva. Obonyo alitembea nyuma ya jipu akiwa amefura kwa hasira. Kumbe gari lilikuwepo siku zote. Lilikuwa linamngoja dada yake afe.

Hasira hiyo ndiyo iliyomfanya aunde gari. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Obunga, Kisumu, na rafiki yake Mukhwana alikuwa makanika, mtu wa injini. Walianza na fremu ya pikapu kuukuu. Obonyo hakutaka urembo, maana magari makubwa ya mjini aliyajua: yanaoshwa Jumamosi, yanakwenda kanisani Jumapili, na yakiona dimbwi yanageuza. Alitaka gari ambalo mwalimu na mvuvi wanaweza kulimiliki. Tumbo liwe juu, bomba la kuvuta hewa lipande hadi kwenye paa mafuriko yasiizime injini, vipuri viwe vile vinavyouzwa duka lolote Kisumu, na nyuma wakae mama, watoto na gunia la omena, dagaa wa ziwani.

Lilipokamilika na kuletwa nyumbani, kijiji kizima kilikuja kulitazama. Mzee Walter, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alilizunguka, akagonga tairi kwa fimbo yake, kisha akaenda nyuma na kunyoosha mikono kupima.

"Omera, umefanya kazi," alisema. "Sasa hapa nyuma, sanduku itaingia?"

Hakuwa wa kwanza. Mwalimu mmoja alikuwa ameshauliza hivyo hivyo, na wanakwaya pia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama mjamzito atakaa vizuri. Watu gani hawa, ambao mgonjwa wanamwombea tu, lakini maiti wanaitafutia usafiri siku hiyo hiyo?

"Mzee, hii gari ni ya watu wenye wako hai," Obonyo alijibu. "Ukikufa, tafuta ingine."

Dorca, mke wake, alimfuata mzee hadi barabarani kumwomba radhi. Obonyo hakuomba radhi yoyote. Kesho yake alilirudisha gari Obunga, akalikata nyuma, akalifupisha, na katikati akachomelea benchi la chuma lililokaa kukingama. Mukhwana alimwambia anaharibu kazi nzuri. Akaambiwa ashughulike na gia zake. Jeneza lisingeingia humo hata kwa kusukumwa.

Na gari likafanya kazi. Lilibeba watoto wenye malaria, wazee wa kliniki, wanawake wa sokoni. Vijana wa Milimani, mtaa wa matajiri mjini, wale wanaotafuta matope kwa raha zao, walikuja kulipiga picha na kutaka kulinunua. Obonyo aliwaambia waje waishi huku masika, matope watayapata bure.

Masika hayo hayo, adhuhuri moja, Celestine, mke wa mtoto wa Mzee Walter, aliletwa akiwa amebebwa juu ya godoro. Alikuwa na mimba ya miezi minane na mwili ulikuwa ukimkakamaa. Bridget, mhudumu wa afya wa kijiji, alisema ni kifafa cha mimba: alazwe ubavu, asikalishwe wala asikunjwe. Obonyo alikimbia kufungua mlango wa nyuma. Walimwingiza kichwa mbele, wakajaribu kumlaza mshazari, na bado miguu ilibaki nje kuanzia magotini. Benchi lilikuwa limeziba njia.

Mzee Walter hakupaza sauti. "Obonyo, mgonjwa na maiti wote wanalala. Hiyo urefu wewe ulikata ilikuwa ya huyu pia."

Obonyo alitafuta mtu wa kumkasirikia na safari hii hakumpata. Mashine ya kukatia chuma ilikuwa Obunga. Alichukua nyundo na tindo, akalishambulia benchi huku akilia na kuilaani mikono yake, kwa sababu alichomelea vizuri, vizuri mno, na chuma hakikuachia. Mzee alivua koti akashika nyundo nyingine. Lilipong'oka na Celestine akaenea mshazari, alikuwa ameshakakamaa mara mbili tena. Obonyo aliendesha kwenye yale matope kama mwendawazimu na gari halikukwama hata mara moja.

Hospitalini, Celestine alipona. Mtoto alizaliwa akiwa ameshakufa. Hakuna aliyemwambia Obonyo kama ni ule muda wa nyundo uliomuua, naye hakuthubutu kuuliza.

Mzee Walter alimwomba awarudishe nyumbani na kisanduku cha yule mtoto, na Obonyo akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kidogo. Kingeingia hata benchi likiwepo.