Kushoto Kali, Usikate

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mkono wangu wa kushoto bado ulikuwa unanyooka, nilipoanza kuwa mwelekezi wa mwanamume aliyetaka kunioa. Yeye alishika usukani wa gari la mashindano. Mimi niliketi kushoto kwake na daftari mapajani, nikimsomea kila kona kabla hatujaifikia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku za kazi niliuza spea za magari katika duka moja mtaani Jericho, hatua chache kutoka sokoni ambako Mama aliuza dagaa wa omena na mboga. Wikendi nilivaa kofia ngumu nikaondoka naye. Wajomba zake walikuwa wameshafika kwetu mara moja, wakanywa chai, wakacheka na Mama, wakasema watarudi.

Siku ya ajali njia ilikuwa kavu na vumbi lilikuwa jingi. Nilisoma, "Kushoto kali, usikate, jiwe ndani." Nilisoma mara mbili, kwa sauti, jinsi alivyonifundisha mwenyewe. Akaikata kona kwa ndani, juu ya jiwe lenyewe. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, gari likabiringika, na likatua upande wangu. Kiwiko changu kilivunjika sehemu tatu. Yeye alitoka na mchubuko kwenye kidevu.

Hospitalini mtu wa kwanza kunitembelea alikuwa fundi wetu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akizungusha kofia yake mikononi.

"Siste, pole sana," akasema. "Usijilaumu. Mtu yeyote anaweza kuchanganya."

"Kuchanganya nini?"

"Si ulisoma kulia? Jamaa ameeleza kila mtu. Anasema alishtuka, akarudisha usukani akiwa amechelewa."

Ndani ya gari tulikuwa wawili tu. Daftari lilisema kushoto, lakini daftari halingeweza kumwambia mtu yeyote nilichotamka mdomoni.

Alipokuja siku ya pili, na machungwa kwenye mfuko wa karatasi, nilimuuliza kama ni kweli amesema hivyo. Alimenya chungwa moja polepole.

"Wafadhili walitaka maelezo," akasema. "Mimi wakiniacha nimekwisha. Wewe huna cha kupoteza, una kazi yako ya duka."

Nilikuwa nimempenda mtu huyo hadi dakika hiyo. Alipomaliza kusema nilimchukia, na hata leo ninaweza kusikia harufu ya chungwa lile.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikataa kunyooka. Duka la spea halikunihitaji tena, maana sikuweza kuinua makasha. Yeye akaniambia mambo yetu yapumzike kidogo. Wajomba hawakurudi, na kiti changu kikachukuliwa na mwelekezi mwingine. Sokoni wanawake walimuuliza Mama kwa huruma ya uongo, "Hivi binti yako hajui kushoto na kulia?" Mama alifunga omena kwenye gazeti. Jioni alinieleza, na ndipo nikaapa. Kusafishwa jina sikukutaka, kwa sababu nani angenisafisha? Nilitaka ashindwe mbele ya watu wale wale aliowadanganya, na mimi ndiye nimshinde.

Leseni nilikuwa nayo. Gari sikuwa nalo. Mama alimfahamu mwanamke mmoja wa Kiamaiko, mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye sauti ya kupasua chupa. Alikuwa ametoka kumfukuza dereva wake. Aliutazama mkono wangu, akautazama uso wangu.

"Utaweza gia?"

"Nitaweza."

"Ukiniangushia nyama barabarani nitakuchinja wewe."

Hivyo nikaanza kupeleka nyama kwenye bucha za Jericho na Makadara kila asubuhi, kwa pikapu kuukuu iliyonuka mbuzi hata ukiiosha kwa sabuni ya unga. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Siku moja ya mvua, nikiwa nimeshamaliza kushusha mzigo, nilikata kona karibu na Kiamaiko na mkia wote ukaniponyoka. Gari likaenda ubavu, pua ikitazama ukuta. Niligeuza usukani upande mkia ulikokimbilia, nikaacha mguu kwenye mafuta badala ya kukanyaga breki, na likanyooka lenyewe. Nilisimama pembeni nikacheka peke yangu.

Tangu hapo, kila nilipomaliza kazi nilikwenda upande wa Fedha, ambako nyumba zilikuwa bado zinajengwa na kulikuwa na uwanja mpana wa udongo uliochimbwachimbwa. Mwenye mbuzi alijua. Alisema mafuta ya mchezo nijinunulie. Madereva wengine walivuta breki ya mkono ili kuutelezesha mkia. Mimi mkono wangu wa kushoto haukuwa na nguvu hiyo, kwa hiyo nilijifunza kwa njia nyingine: natikisa gari kidogo upande wa nje, naliacha lijirushe ndani, halafu namalizia kwa mafuta tu. Wajenzi waliketi juu ya matofali wakila maandazi na kunipigia kelele. Kila mara nilipochoka nilimwona yeye akimenya chungwa, nikarudi tena.

Baada ya mwaka mmoja na nusu niliingia mashindano madogo ya kuzunguka uwanja wa vumbi, na pikapu ile ile. Watu waliziba pua. "Leo kuna nyama choma!" mmoja akasema. Nilimaliza wa tatu. Mara iliyofuata nilikuwa wa kwanza, na hakuna aliyeziba pua. Muuza matairi akanipa gari dogo jepesi la kujaribia matairi yake. Baadaye nilianza kualikwa kwenye maonyesho na sherehe za kufungua maduka, nizungushe gari ubavu ubavu umati ukishangilia. Nikaacha nyama, nikala kwa kuteleza. Magazeti mawili yaliandika juu yangu. Niliyakata na kumpelekea yeye kwa posta, bila barua ndani.

Siku niliyoisubiri ilifika mwaka wa nne baada ya ajali, yeye naye alipojiandikisha kwenye mashindano ya uwanjani. Magari mawili yaliondoka pamoja, kila moja upande wake wa uwanja, mizunguko mitano. Nilikwenda kwa msimamizi wa mashindano nikamwomba anipange na mwanamume yule. Akanitazama, akaelewa, akaandika.

Mzunguko wa tatu nilikuwa nimemfikia mgongoni. Ningeweza kumpita hapo hapo. Sikumpita. Nilimfuata kona baada ya kona, pua yangu karibu na mlango wake, nikimwacha anione kwenye kioo. Alianza kukosea. Alikata kona mapema, akapanuka, akakata tena. Kwenye mzunguko wa mwisho, mbele ya watu wengi zaidi, nilimpita kwa nje gari langu likiteleza ubavu, nikammwagia vumbi lote la uwanja ule. Gari lake lilizimika katikati ya njia.

Wakati wa kupokea kikombe, mtangazaji alinipa kipaza sauti. Nikauinua mkono wangu hadi ulipokomea.

"Huu ndio mkono wa kushoto," nikasema. "Nilisoma kushoto siku ile, na yeye aliyekata anajua."

Mafundi wakaanza kupiga honi. Yule fundi aliyekuja hospitalini alilia waziwazi. Mwezi haukuisha wafadhili wakamwacha.

Wiki kadhaa baadaye alinikuta kwenye kibanda cha Mama. Alimsalimu Mama kwa adabu, akageuka kwangu.

"Nisemee kwao," akasema. "Wanakusikiliza sasa. Waambie yalikuwa makosa ya zamani."

"Wewe una cha kupoteza?"

"Kila kitu."

"Basi kipoteze."

Aliondoka bila kuaga. Mama aliendelea kupima omena, kisha akasema, "Umemshinda, umemwaibisha. Na hili la leo lilikuwa la nini?"

"Lilikuwa langu, Mama."

Hakuzungumza nami siku tatu.

Yeye aliacha mashindano. Nilisikia baadaye anaendesha lori la kampuni, na kwamba anaendesha vizuri. Mimi msimu uliofuata nilimaliza wa nne, wa sita, mara moja wa mwisho. Nilikuwa nikiangalia mstari wa kuanzia nikamkosa, na mguu ukasita kwenye mafuta. Ilinichukua mwaka mzima kujifunza kuendesha bila mtu wa kumchukia. Nilifanikiwa nusu. Niliendelea hadi mwisho wa miaka ile ya tisini, nikashinda vikombe vingine vitano, na hakuna hata kimoja nilichokipenda kama kile cha siku niliyomshinda.

Watu wa kanisani hutaka niseme nimemsamehe. Mama, kabla hajazeeka sana, alikuja mara moja kunitazama. Alikaa chini ya mwavuli, akaziba masikio mwanzo hadi mwisho, na tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza kama ninamwombea yule kijana. Nikamwambia bado. Akasema sawa, tupitie sokoni basi kabla hawajafunga.