Mbegu Iliyoshibisha Ndege Kwanza

Baba mdogo wangu akianza kuwaeleza wageni jinsi kilimo cha kisasa kilivyoishibisha dunia, mimi huinuka nikaenda kukaa jikoni. Huongea kwa madaha, mkono mmoja kiunoni, akiwaonyesha mashamba ya Katindiuka kana kwamba ameyazaa yeye. Sina ugomvi na maneno yake. Ni ya kweli: bonde letu linatoa mpunga mwingi kuliko nilipokuwa mtoto, na unaliwa mbali na hapa. Ninachokidharau ni kinywa kinachoyasema.

Mbegu ya muda mfupi ililetwa na bwana shamba, kijana mpole aliyevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. Alitukusanya ofisi ya kijiji akasema mpunga huu unakomaa mapema, unazaa sana, na mbegu za namna hii ndizo zilizoongeza chakula duniani. Baba mdogo alipiga miayo waziwazi. Akasema mchele usionukia ni chakula cha kuku. Watu wakacheka, wakaenda kupanda mbegu zao za zamani. Aliyepanda mpya alikuwa mama peke yake. Alikuwa mjane, na kila mwaka ghala letu lilikuwa linakauka masika yakiwa katikati, tukabaki kuchemsha majani na kuhesabiana vijiko.

Mpunga ulitoka vizuri hata nikaona aibu kuutazama mbele za watu. Ukatoa masuke wakati bonde zima bado ni majani matupu. Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo hakuna aliyeliwaza, si bwana shamba, si mama: shamba linaloiva peke yake hulisha ndege wa kila mtu. Kwelea walishuka kwa makundi wakafyonza punje zikiwa bado maziwa. Tuliamia ndege tangu kunapopambazuka hadi jua linapozama, mimi juu ya dungu nikipiga debe, mama chini akitikisa kamba tulizozifunga mikanda ya kaseti. Tukiwafukuza huku, wanatua kule. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa kinaisha tukikitazama.

Shamba la baba mdogo limepakana na letu. Alikuja kila asubuhi kututazama kama mtu aliyekwenda mpirani. Mama, sauti imemkauka, alimwomba wanawe waje watusaidie hadi tuvune. Alijibu huku akicheka.

"Shemeji, hawa wageni umewaalika mwenyewe. Mimi sikualika mtu."

Nilimchukia, na sijajuta hadi leo. Kama dharau ingekuwa mbolea, shamba lake lingeongoza kutoka Ifakara hadi Mlimba.

Tulichookoa hakikufika nusu. Lakini kilikuja wakati majirani wanafagia sakafu za maghala yao, na la baba mdogo lilikuwa limefagiliwa zamani. Mpunga wake ulikuwa bado kijani. Mchana mmoja akaja kwetu na ungo wa mkewe, mtupu, akaanza kutujulia hali mmoja mmoja, hata kuku nusura awaulize habari. Mama akampakulia wali. Akala, akamaliza, akaramba vidole, kisha akasema hauna harufu. Asante ya punda ni mateke.

Nilidhani mama atamfukuza. Mimi ningemfukuza, na ungo ningebaki nao. Mama alimpimia mchele wa kuwapelekea wanawe, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mbegu tuliyoikausha kwa ajili ya msimu uliofuata. Akauweka juu ya ule mchele. Baba mdogo akaanza kumsifu, kwamba ana moyo wa huruma, kwamba marehemu kaka yake alioa mtu. Mama alimkatiza.

"Siyo zawadi, shemeji. Mwakani utaipanda, ili ndege wangu wapate pengine pa kula."

Aliipanda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kula. Majirani waliomwona wakafuata, wakaiomba kwa bwana shamba. Msimu ule mashamba yaliiva pamoja, ndege wakagawana bonde, na kwa mara ya kwanza ghala letu likavuka masika.

Hayo ndiyo maendeleo anayowaeleza wageni, na wakimuuliza ni nani aliyeanza, hujigusa kifua. Mama hupita na maji ya kunawa. Katika hadithi ya baba mdogo hakuna ndege, wala hakuna ungo.