Basi Lililogeuzia Makutupora

Mimi na mke wangu tuligombana wiki nzima kuhusu lile basi kabla hata hatujalipanda. Yeye aliliona tangazo kwenye simu: basi la kuzungusha watu mjini Dodoma kila Jumamosi, na dada wa kueleza mambo kwa kipaza sauti. Nikasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mtu unakaa Area D, kila asubuhi unakwenda kazini Mtumba, jioni unarudi, halafu Jumamosi ulipe uonyeshwe njia ile ile? Nionyeshwe nini mimi? Mizunguko ya barabara? Vumbi?

"Kwani ni wewe unayeonyeshwa?" mke wangu akasema. "Ni mama."

Hapo nikakubali. Mama yangu alikuwa ametimiza miezi mitatu kwetu, ametoka milimani Kondoa kuja kutolewa mtoto wa jicho. Siku walipomfungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa kipara changu. "Alhamdulillahi," akasema, "lakini mwanangu, mbona umenitangulia kuzeeka?" Tulicheka mpaka nesi akatukemea. Sasa macho yote mawili yalikuwa yamepona, Alhamisi daktari alimwambia hana haja ya kurudi kliniki, na kule Kondoa nyumba ni tupu tangu baba afariki. Tulitaka abaki kwetu moja kwa moja. Shida ni nani amwambie. Mama yangu ukimwambia "kaa tukutunze" anakuuliza nani kakudanganya kwamba yeye ni mgonjwa. Shauri la mke wangu likawa tumtembeze, auone mji, aupende, kisha jioni tumwombe.

Kazi ya kumpa taarifa nikapewa mimi, na kwenye mambo ya upole mimi Mungu alinipita. Ijumaa baada ya kula nikasimama mlangoni mwa chumba chake nikasema, "Mama, kesho saa mbili uwe tayari. Basi linaondoka saa mbili na nusu."

Akanitazama kidogo. "Haya, baba," akasema.

Hebu yasikilize tena maneno hayo. Mgonjwa kapona Alhamisi, Ijumaa mwanawe anamsimamia mlangoni na kumtajia saa ya basi. Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Lakini mimi nilikwenda kulala nikijipongeza.

Asubuhi nikakuta mashuka ya kitanda chake yamefuliwa na yako kwenye kamba. Uwanja umefagiwa. Mama yuko kwenye uzio wa jirani, wameshikana mikono, jirani anajifuta macho. Nikamwambia mke wangu, unaona mtu aliyelelewa vizuri, hata akienda matembezi anaacha nyumba safi! Dalili zote zilikuwepo mbele yangu. Mtoto wa jicho katolewa yeye, asiyeona nikawa mimi.

Kisha akatoka ndani amevaa kanga mpya, miwani myeusi ya hospitali, na mkononi ana shangazi kaja, lile begi la mistari la zipu, limejaa.

"Mama, begi la nini tena?"

"Vitu vyangu."

Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akalivuta. "Liache. Nilikuja nalo mwenyewe."

Neno hilo lilinichoma, na alijua litanichoma. Siku aliyofika Dodoma nilikuwa na kikao Mtumba, nikamtumia bajaji ikamchukue stendi. Kwetu mgeni hupokelewa mzigo kwanza, maneno baadaye. Yeye alishuka getini haoni vizuri, begi mkono mmoja, kuku mkono wa pili, akagonga mwenyewe. Mke wangu naye alikuwa kazini. Sikuwahi kumwomba msamaha, nilijifanya limepita.

Tukafika mjini. Basi lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, limechorwa vishada vya zabibu ubavuni. Dada wa kipaza sauti naye alikuwa amevaa miwani myeusi. Mama akamtazama kwa huruma. "Pole mwanangu. Na wewe wamekufanyia yote mawili?" Dada akasema ndiyo, bibi, ili mambo yaishe.

Basi likaanza. Kushoto kwenu hiki, kulia kwenu kile. Tulizunguka katikati ya mji, tukapanda Chimwaga kuona chuo kikuu, watu wakapiga picha. Mama alikaa ameukumbatia mzigo wake. Tulipotoka Chimwaga akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado halijajaa?"

"Nini, mama?"

"Basi. Naona bado linatafuta abiria." Akatikisa kichwa. "Hawa ndivyo walivyo, watakuzungusha mji mzima mpaka lijae."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akafungua begi akatoa mayai ya kuchemsha na chapati, akaanza kugawa viti vya nyuma na vya mbele, kwa kuwa safari ni ndefu. Watu wakala. Dada akaeleza mji wa serikali huku ana yai mdomoni.

Mtumba mama alisimama dirishani. "Kazini kwako ni wapi?"

Nikamwonyesha jengo.

"Ndipo ulipokuwa siku ile?"

"Ndipo, mama."

Akalitazama mpaka likapita. "Kumbe ni mbali," akasema, akaketi.

Kutoka Mtumba tulirudi mjini, tukashika barabara ya kaskazini kwenda Makutupora kuona mashamba ya zabibu. Barabara hiyo ndiyo ya Kondoa. Mama alipoiona akakaa sawa, akafunga kanga vizuri. "Eeh. Sasa ndiyo safari." Akaomba dua kimya kimya. Makutupora watu wote tukashuka kuonja zabibu, yeye akakataa katakata, asije akaibiwa kiti. Tukampelekea kishada dirishani.

Tukapanda. Dereva akageuza.

"We dereva!" Mama alishasimama. "We baba! Unapotea! Kondoa iko huko ulikokuwa unakwenda!"

Dereva akakanyaga breki. Dada akaja mbio. "Bibi, sisi tunarudi mjini."

"Mjini nikafanye nini? Mimi nimeshaaga!"

"Umeaga nani, mama?" mke wangu akauliza.

"Wote. Jirani, mwenye duka, hata fundi cherehani. Mwanangu si kanipa saa ya basi?"

Basi zima likageuka kunitazama mimi. Kila aliyenitazama alikuwa amekula mayai ya mama yangu. Baba mmoja wa nyuma akasema, "Ndugu, yaani unamrudisha mzazi kwao kwa basi la utalii?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: mwanamke huyu alikuwa ameamini usiku kucha kwamba tumemchoka, na bado akaamka akafua mashuka.

"Mama!" Nikajikuta napiga kelele kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Hatukurudishi! Tulitaka uone mji, halafu tukuombe ubaki!"

"Nibaki wapi?"

"Kwetu! Siku zote!"

Akavua miwani. "Sasa mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Kusema kaa unaogopa, kusema ondoka huogopi?"

Abiria wakaangua kicheko, hata dereva. Yeye hakucheka. Alivaa miwani yake, akaketi, begi mapajani, na basi likaanza kurudi mjini.

Njia nzima nilikuwa namchungulia. Akamwita dada, akaanza kuuliza: kilima kile kinaitwaje, hapa maji wanapata wapi, yule ng'ombe mbona kakonda hivyo, wa nani? Dada akajibu lililojibika. Karibu na mjini akatugawia karatasi ya maoni, swali la kwanza likiuliza kama ziara imekuwa na faida. Wiki nzima jibu hilo nilikuwa nalo, tena kwa maneno makali. Sasa nilishika kalamu, nikatazama ile mikono iliyokamata begi, nikaona sijui. Nikairudisha karatasi tupu.

Basi likasimama pale pale tulipopandia asubuhi. Nikashuka wa kwanza, mke wangu akafuata. Mama akaja mpaka mlangoni, akasimama kwenye ngazi, watu wamejipanga nyuma yake. Hakushuka. Akanitazama. Kisha akalinyoosha lile begi kwangu.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Karibu sana. Pole na safari."

"Marahaba. Nimeshapoa." Akanishika bega, akashuka. "Haya, twendeni nikatandike. Yale mashuka yatakuwa yamekauka."