Mbayuwayu Juu ya Mlango wa Mama

Mbayuwayu hurudi Ujiji na mvua. Wanakotoka sikujui, chuo kikuu nilisoma mambo mengine, na hayo nayo nimeyasahau. Msimu uliopita jozi moja ilijenga kwa mama yangu, chini ya paa la baraza, juu kabisa ya mlango wa mbele. Mama akatia komeo. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo tangu zamani: ndege akitaga hapo, watu wote hupitia uani mpaka makinda waruke.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kumchukua. Anaishi peke yake, alikuwa ameanguka bafuni, na kwangu kuna chumba chake chenye choo ndani. Nilikuja na hoja zilizopangika, kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Mama alizisikiliza zote huku akichambua dagaa, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikamwita mjomba, kaka yake, aje atie uzito. Mjomba ni mtu wa heshima zake, hapiti uani kwa watu. Siku hiyo ilimbidi. Alianza kukohoa tangu uchochoroni ili wanawake wajisitiri, akainama chini ya kanga zilizoanikwa, akampita jirani aliyekuwa akisukwa nywele, akafika sebuleni amesahau nusu ya maneno yake. Nusu iliyobaki aliisema vizuri. Mama akakubali: mbayuwayu wakiondoka, naye ataondoka.

Nikaomba kazini waniongezee likizo, nikawa mlinzi wa kiota. Kila asubuhi nilikaa barazani na kikombe cha chai, nikiwahimiza makinda wale haraka. Yule jirani wa nywele akipita ananiuliza, "Msomi, wanafunzi wako bado hawajafaulu?"

Hatimaye wakaruka. Nikafungua mlango kwa mbwembwe, nikaenda Kigoma stesheni kukata tiketi zetu za treni.

Kesho yake tukiwa barazani, wale ndege wakubwa wakarudi na tope midomoni, wakaanza kukarabati ukingo wa kiota. Walikuwa wanataka kutaga tena. Nilimtazama mama, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ningejuaje? Nimeshakunja nguo zangu."

"Basi niambie unachotaka wewe, mama."

Aliwatazama wale ndege. "Mwana wanje, mwanangu, kule kwako nitakuwa mgeni. Nitaomba hata chumvi. Hapa wewe ndiye unayekuja."

Hoja zangu zote zilikuwepo bado, nzuri, zimepangika. Nilizipekua, sikuona hata moja inayojibu hilo.

Nikarudisha tiketi yake, nikabaki na yangu. Kabla sijaondoka fundi alifunga vyuma vya kushikilia kwenye ukuta wa bafu, na yule jirani wa nywele akakubali kuwa anakuja kulala hapo usiku. Mama alivijaribu vile vyuma mbele yangu, kimoja baada ya kingine, akasema ni vya baridi sana, lakini vitafaa.