Kikombe cha Baba na Mpelelezi Kobe

Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa ulezi ukianza kushika chini ya sufuria, hutoka nje. Watu hudhani siupendi. Naupenda sana, ila harufu ile hunirudisha Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kwenye nyumba yetu ya tofali za kuchoma karibu na barabara kuu ya malori, mwaka ule nilioamini kwamba mama anamuua baba.

Nilikuwa darasa la pili. Baba yangu, fundi seremala, alikuwa ameanza kuumwa tangu msimu wa mahindi. Mashati yalimpwaya, na randa yake ilikaa ukutani bila kuguswa. Majirani wakiuliza anaumwa nini, mama alijibu "tumbo," kisha akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi alasiri mtaa mzima tulijazana sebuleni kwa Mzee Simbeye, mwenye televisheni. Alikuwa akileta CD za tamthilia moja ya upelelezi ya Kizungu, ya enzi za farasi na kofia ndefu, wanawake wamevaa magauni yanayofagia sakafu. Kiingereza hatukukijua wala hatukukihitaji, maana ndani ya CD kulikuwa na sauti ya mtafsiri. Huyo aliwasemea wote kwa sauti moja nzito, wanaume, wanawake na hata mbwa. Majina ya Kizungu sijui yalimshinda au hakuyapenda tu, maana mpelelezi alimwita Kobe, kwa kuwa alitembea polepole mikono mgongoni. Na kama ilivyo kawaida ya watafsiri wetu, picha ikinoga aliiacha hadithi akaanza kuongea na sisi tunaotazama.

Siku ninayoikumbuka, tajiri mmoja alikuwa akikonda kitandani. Kila jioni saa kubwa ya ukutani ikigonga, mkewe, ambaye mtafsiri alimwita Mama Rozi, alitoa kidonge mahali alipokificha, akampa mumewe na kikombe cha chai. Mume akazidi kukonda, akafa. Kikombe kikajaa kioo kizima cha televisheni, na sauti ikanguruma: "Na wewe mtoto uliyekaa hapo mbele! Chunguza anayempa baba yako kikombe!"

Aliyekaa mbele nilikuwa mimi, juu ya mkeka, magoti yakikaribia kugusa meza ya televisheni. Leo najua mtafsiri alikuwa amejifungia chumbani na kipaza sauti chake huko Dar es Salaam, na kwamba hakuna sebule yenye televisheni isiyo na mtoto aliyekaa mbele. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba ameniona.

Kobe akawakusanya watu wote wa nyumba ile ukumbini, akainua kidole amtaje muuaji, na CD ikakwama. Mzee Simbeye akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Kidole kikabaki hewani vilevile. Ndipo watazamaji wakaichukua kesi mikononi mwao.

"Ni mke," alisema Mama Tumaini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akiuza vitenge ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

"Mimi namshuku daktari," alisema Ambele, utingo wa lori.

"Awe!" Mama Tumaini alikataa kwa Kibemba, kama alivyozoea kuwakatalia wateja wake wa Zambia. "Daktari anakuja siku mojamoja. Mke yuko pale kila jioni. Na dawa gani hiyo ya kufichwa?"

"Mume akianza kukonda, mke ndiye aulizwe," Mzee Simbeye alisema, na wengi wakaguna kukubali.

Kisha Mama Tumaini akanigeukia. "Eti Sekela, baba anaendeleaje? Anakula?"

Nikasema anakula. Niliogopa kuongeza neno.

Maana, ndugu msomaji, nyumbani kwetu nako kulikuwa na kidonge. Kila jioni redio ikipiga mlio wa taarifa ya habari ya saa mbili, mama alikuwa akifunga dirisha, anazamisha mkono mpaka kiwiko kwenye debe la unga wa ulezi, anatoa kifurushi cha kitambaa. Humo alitoa kidonge, akampa baba na kikombe cha uji. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi bila kuyajali, ila tu nilijua nimekatazwa kugusa debe.

Niliogopa, jamani. Baba akilala mchana nilisimama mlangoni nione kama kifua bado kinapanda. Nilinusa vikombe. Nikaanza kutembea ndani polepole, mikono mgongoni kama Kobe, mpaka mama akaniuliza kama mgongo unaniuma. Aliuliza kwa upole, na upole wake ukanizidishia hofu, kwa sababu Mama Rozi naye alikuwa mpole.

Jumamosi iliyofuata Mzee Simbeye alileta CD nzima ya sehemu ileile. Nilikwenda nikimwomba Mungu njia nzima. Kidole cha Kobe kikashuka, kikamwelekea mdogo wa marehemu, aliyekuwa akitia sumu kwenye mvinyo ili arithi mashamba. Vidonge vya Mama Rozi vilikuwa dawa ya kweli. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Watazamaji hawakuridhika hata kidogo. "CD hii imechakachuliwa," alisema Ambele, ambaye alikuwa ameshahamia upande wa wengi. Mama Tumaini akasema mtafsiri amepewa kitu kidogo. "Mwanamke yule macho yake tu yanamsema!" Mimi nilikuwa mtoto, nikawaamini wakubwa.

Jioni ile redio ilipopiga mlio, nilimrukia baba nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Uji ukamwagika, ukaniunguza, na kidonge kikaanguka sakafuni. "Baba, usinywe! Mama anakuua kama Mama Rozi!"

Nilidhani mama atakana, au atanichapa. Alikaa chini taratibu, uso umempauka, akaninong'oneza, "Umemwambia nani?"

Hilo ndilo swali ambalo muuaji angeuliza.

"Sekela, mwanangu. Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata Mama Tumaini?"

"Hata yeye."

Akaanza kulia bila sauti. Baba alinivuta kwake, akanipangusa uji mkononi. Kisha akakiokota kidonge, akakiweka juu ya ulimi nikione, akakimeza kwa uji uliobaki, akaniachamia mdomo nikague. "Mimi ndiye niliyemwomba mama yako akifiche," alisema. "Ni dawa yangu. Ukikua tutakwambia." Nilibaki na hofu yangu kwa wiki nyingi, mpaka nilipoona mashati yameacha kumpwaya na amerudi kwenye mbao zake.

Mama aliniambia nilipomaliza kidato cha nne. Zilikuwa dawa za virusi vya UKIMWI, na yeye alikuwa akimeza za kwake jikoni, akijifanya anaonja mboga. Alipowaaga majirani kwamba anakwenda Isansa kumsalimia bibi, alikuwa anafuata dawa hospitali ya mbali, ambako hakuna aliyemjua. Siku zile ukijulikana, hakuna anayekuja kununua meza kwako, na watoto wa wenzako wanakatazwa kucheza na wako. Mama aliwaogopa Mama Tumaini na wenzake, watu wema waliotuletea mboga baba alipozidiwa.

Hakuwahi kukanyaga sebuleni kwa Mzee Simbeye hata Jumamosi moja, lakini aliwajua kuliko mimi niliyekaa nao. Mwanamke wa Kizungu ambaye hakuwahi kuwakosea walimhukumu, na alipoonyeshwa mbele ya macho yao kwamba hana hatia, walikataa kumwachia. Mama Tumaini aliponiuliza kama baba anakula, habari za debe la ulezi zilikuwa tayari mdomoni mwangu. Kilichonizuia hakikuwa akili wala utii. Niliogopa mno, nikaweza kutoa neno moja tu, na mama yangu akaendelea kuwa na majirani.