Maria Alikuwa Amekaa

Matanga ya mume wangu yalianuliwa siku ya tatu. Mashemeji walikunja turubai, akina mama wa jumuiya wakaosha masufuria na kuyarudisha parokiani, na kufikia mchana uani kwangu, hapa Ilembo, palibaki majivu ya mafiga na viti vya plastiki ambavyo hakuna aliyekumbuka vimetoka kwa nani. Nilikaa kwenye kimojawapo. Kuku wakaja kuparua majivu.

Siku zile za msiba nilikuwa nimeambiwa maneno mengi. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, Mwalimu. Bora amepumzika, alikuwa anateseka. Waliosema hivyo ni watu wema, walionipikia na kulala chini sebuleni kwangu kwa ajili yangu, wala sina la kuwalaumu. Ila kila neno lilinitaka nijibu kitu. Nilikuwa naitika, "Ni kweli, ahsanteni," hadi nikahisi mdomo wangu si wangu. Halafu wote wakaondoka kwa wakati mmoja, na sikuwa na wa kumjibu tena.

Nafundisha darasa la tatu. Kelele za watoto zilinibeba Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya. Nilifua hata nguo safi. Niliwasha redio nikaiacha iseme, kisha nikaizima kwa sababu ilikuwa inasema na kila mtu isipokuwa mimi.

Kwaresima ilipofika, Padre mmoja mgeni alikuja kutoa semina ya Maandiko kwenye ukumbi wa parokia, Jumamosi. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa ameishi Yerusalemu miaka kadhaa akisoma.

"Yesu alikuwa Myahudi," alianza. "Mama yake Myahudi, mitume wake Wayahudi. Lakini sisi tunamsoma kama vile alizaliwa Sumbawanga."

Ukumbi ulicheka. Akasubiri, kisha akasema kwamba ukiingia nyumba ya mtu bila kujua desturi zake, utaona watu wanafanya mambo na hutajua maana yake, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoisoma Injili. Akaanza na harusi, akaenda kwenye Pasaka, na baada ya uji akafika kwenye msiba.

"Wayahudi, mpaka leo, wakishazika, wafiwa wanakaa nyumbani siku saba. Na nikisema wanakaa, ni kukaa kweli: chini, au kwenye kigoda kifupi. Hawapiki. Chakula cha kwanza baada ya kutoka makaburini kinaletwa na majirani. Mara nyingi ni mayai ya kuchemsha, au dengu."

"Kwa nini dengu, Padre?" akauliza mama mmoja wa mbele.

"Wazee wao wanasema dengu haina mdomo, na mfiwa naye hana mdomo. Kwa hiyo mgeni akiingia, haanzi yeye kusema. Anakaa. Mfiwa akitaka kusema, atasema. Asipotaka, mgeni anaondoka vilevile."

Kisha akainua kidole. "Msije mkatoka hapa mkasema Padre amesema Yesu alikula mayai msibani. Mengine kati ya haya yaliandikwa baadaye. Lakini mzizi ni wa zamani sana. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua mdomo ndipo wakaharibu."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. Niliona uani kwangu vile kulivyokuwa kumejaa, na midomo yote ile.

Akaeleza pia jinsi mfiwa anavyochana nguo yake, upande wa kifuani. Akatoa kipande cha shuka kuukuu kwenye mkoba wake, akakishika kwa mikono miwili na kukipasua mbele yetu. "Sasa someni tena habari ya Ijumaa Kuu," alisema, "pale pazia la hekalu linapopasuka toka juu mpaka chini. Wapo walimu wanaosema kwamba pale Baba alikuwa anachana nguo yake kwa ajili ya Mwana. Siwalazimishi kuamini hivyo. Ila mkisikia kitambaa kinapasuka, kumbukeni ni sauti ya mfiwa."

Wakati wa maswali nilisimama. Sikuwa nimepanga.

"Padre, Yesu alipokwenda Bethania kwa Lazaro, Marta alitoka kumpokea, lakini Maria alibaki amekaa nyumbani. Nimesikia mara nyingi tukiambiwa kwamba alikuwa amenuna, kwa sababu Yesu alichelewa."

Aliniangalia kidogo. Sijui kama alikuwa ameambiwa habari zangu.

"Hakununa, Mwalimu. Alikuwa amekaa msiba."

Nikakaa. Alipoendelea, alisema jambo lingine ambalo nilirudi nalo nyumbani kama mzigo. Alisema wazee wa Kiyahudi walikuwa wakisimulia kwamba roho ya marehemu huzunguka karibu na mwili siku tatu, ikitumaini kurudi. Siku ya nne inaona sura imebadilika, inakata tamaa, inaondoka. "Na Yesu alifika lini? Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Alifika tumaini likiwa limeshaondoka." Nikafikiri, hata kwangu ni hivyohivyo. Siku tatu za kwanza nyumba ilikuwa imejaa, na bado nilikuwa nategea sikio mlangoni. Ya nne ndiyo nilijua.

Jioni nilisoma sura ile tena, polepole, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Nimeisoma kanisani mara nyingi, mimi ni msomaji, lakini siku ile niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Dada wawili wanamwambia Yesu maneno yaleyale: ungekuwapo, ndugu yetu asingekufa. Marta, aliyekuja amesimama na maswali yake, anajibiwa kwa maneno, tena maneno makubwa ya ufufuko. Maria, aliyetoka kwenye kukaa, hapewi mafundisho yoyote. Kwake, Yesu analia. Basi. Nilifunga Biblia nikalia na mimi, na ilikuwa mara ya kwanza kulia bila mtu kuniambia ninyamaze.

Baada ya Pasaka, mume wa mama mmoja muuza vitambaa wa Majengo alifariki ghafla, asubuhi, akifungua duka. Walikuwa Waislamu, watu wa mjini hapa kwa miaka mingi. Vitambaa vya sare za wanangu wote nilinunua kwao. Walimzika alasiri ya siku ileile. Nilikwenda, nikakuta nyumba imejaa, nikatoa pole kama wengine nikarudi. Kisha nikasubiri watu wapungue. Nilijua watapungua.

Yule mama alikuwa ameanza eda, haruhusiwi kutoka bila dharura. Dengu nilizikosa sokoni, nikapika choroko, nikachemsha mayai, nikaweka kwenye hotpoti na kwenda. Alinifungulia mwenyewe. Tulisalimiana, nikavua viatu, nikakaa naye kwenye mkeka.

Ni kazi ngumu kunyamaza. Sikuwa najua. Maneno yote niliyoyachukia yalinijia mdomoni yakipanga foleni: kazi ya Mungu, jikaze, bora hakuteseka. Niliyameza. Nje pikipiki zilipita. Yeye alikuwa anavuta uzi kwenye ukingo wa mkeka.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "leo hunipi pole?"

"Nimekuja kukaa tu, dada."

"Haya. Kaa."

Tukakaa. Kivuli cha dirisha kilisogea ukutani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Alikuwa anakoroma. Miaka yote namsukuma, namwambia geuka. Sasa silali kwa huu ukimya."

"Wangu alikuwa anakohoa asubuhi kabla hajaamka," nikasema. "Ndiyo ilikuwa saa yangu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya kile kikohozi. Kingeonekana kitu kidogo. Yeye alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Akafungua hotpoti, akachukua yai, akalimenya taratibu.

"Mayai haya ni ya dini yenu?"

"Hapana. Ya Wayahudi."

Alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. "Mwalimu! Wayahudi umewatoa wapi Mpanda hii?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba na wao, tangu zamani, nyumba yenye msiba hupelekewa chakula na majirani, na kwamba bibi yake alikuwa akikataza kelele mbele ya mfiwa. Tukala choroko.

Nilikwenda kila Jumamosi mpaka eda yake ikaisha. Siku nyingine hatukusema zaidi ya salamu. Nilirudi nyumbani jua likizama nikiwa nimeshiba kitu ambacho si chakula. Kisha mtoto wake wa Tabora alikuja kumchukua. Duka likapangishwa, sasa wanauza kava za simu na muziki unapigwa toka asubuhi. Nikienda Majengo napita barabara nyingine. Jumamosi zimerudi kuwa Jumamosi.

Mwezi wa kumi binti yangu alikuja kutoka Mwanza. Hakuwahi mazishi ya baba yake. Alikuwa amejifungua kwa operesheni wiki ileile, na daktari alimkataza safari. Kwa simu tulikuwa tunazungumza habari za mtoto tu. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, hata maneno nilishayapanga. Aliingia, akaweka begi, akampa mtoto nimshike.

"Mama, baba mlimweka wapi?"

Ndivyo Yesu alivyouliza alipomwona Maria analia. Tangu tuzike, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Kesho yake tulipanda gari ya asubuhi kwenda Sibwesa, kijiji tulikomzika. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mabua yamekauka, na udongo wa kaburi umeanza kushuka upande mmoja. Nilimwonyesha kichwa kilipo na miguu ilipo. Alitandika kanga chini, akakaa. Sikumwambia ajikaze. Nilimfunga mtoto vizuri mgongoni, nikakaa pembeni yake, na upepo ukawa unapita kwenye mabua.