Mgongo wa Kumbebea Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwa wanne katika chumba cha mazoezi: mimi, mdogo wangu wa mwisho ambaye alikuwa bado hajaweza kukaa, mama jirani wa mtaa wetu wa Kadutu, na mzee mmoja wa kituo cha watoto walemavu, tuliyemwita Papa, kazi yake kunyoosha viungo. Wazazi wetu walikufa vita vilipoingia mjini. Wadogo wengine niliwaacha nyumbani.

Muuguzi aliyempima mtoto uzito ndiye aliyetutuma pale. Alisema miguu inayokakamaa na kupishana namna ile haingoji mtoto akue.

Papa alimlaza mkekani, akamfungua mapaja polepole. Mtoto alilia. Mimi niliangalia dirisha. Kisha Papa akauliza huwa ninambeba vipi.

"Simubebake, Papa. Mugongo yangu iko ya mizigo. Yeye anabakiaka mu nyumba, analala."

Nilikuwa nimeacha shule, ninabeba mifuko ya unga na makaa katika soko la Nyawera, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanawake wengine. Nilidhani kumlaza ni kumpumzisha. Papa alisema kulala ndiko kunamkaza. Abebwe mgongoni kila siku, muda mrefu, miguu ikiwa imepanuliwa, maadamu viungo vingali laini.

Niliwaza, nikimbeba yeye, wale wa nyumbani watakula nini.

Mama jirani, naye mbeba mizigo, alikuwa tayari amefungua kitenge chake.

"Apande huku," akasema. "Unga inakaaka mu mugongo yangu haisemi kitu. Huyu atanililia kidogo. Wewe utabeba mizigo yangu."

Nilibeba yangu asubuhi na yake mchana, malipo ya mizigo yake nikampa. Halafu mapigano yakarudi, barabara zikafungwa, sokoni hapakuwa na mzigo wa kubeba, wangu wala wake. Yeye aliendelea kumbeba. Siku nilizoogopa askari wa njiani, alipanda naye kituoni peke yake. Sikumbuki kama nilimshukuru. Sikumbuki nilihisi nini.

Mtoto alikaa. Baadaye alisimama, ameshika kitanda. Wakati huo mama jirani alikuwa amerudi kwa kaka zake, kijijini Mumosho, wala hakumwona akisimama.

Leo mdogo wangu anatembea, mguu mmoja unaburuta. Wanawake wa Mumosho wakija sokoni nawauliza habari za yule mama, hakuna anayemjua. Mizigo yake ya majira yale barabara zilipofungwa bado sijaibeba.